Makopo ya Kawe yaanzie Mbulu

Huko Fray Bentos, Uruguay, machinjio yaliyoanzishwa na kampuni ya Liebig miaka ya 1860 leo ni makumbusho, na tangu 2015 ni urithi wa dunia. Steveston, Kanada, kiwanda cha kusindika samaki aina ya samoni kilichojengwa 1894 nacho kinatembelewa na watalii. Liebig hiyohiyo ilishirikiana na serikali ya kikoloni kuunda Tanganyika Packers mwaka 1947, na kiwanda kikajengwa Kawe, Dar es Salaam. Siku hizi jina hilo likitajwa, wengi hukumbuka viwanja vya mikutano na mahubiri. Kiwanda hicho kinastahili makumbusho, lakini masimulizi yake yasianzie kwenye mitambo. Yaanzie kwenye malisho, katika vijiji kama Endagikot na kwingineko Mbulu na Hanang.

Nyama ya kopo ilichemshwa, ikatiwa chumvi, ikashindiliwa kwenye kopo, na kopo likiisha kufungwa likapikwa tena kwa mvuke. Hata supu iliyobaki ilikaushwa ikawa rojo zito la kuuza. Biashara ya namna hiyo hailipi bila ng'ombe wengi wa bei ndogo. Na miaka hiyohiyo, Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, wa serikali hiyo ya kikoloni, uliwashurutisha wafugaji kupunguza mifugo, kwa hoja kwamba malisho yamezidiwa na udongo unamomonyoka. Hoja hiyo haikuwa uzushi, mmomonyoko ulikuwepo. Ila kwa Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, ng'ombe ni mahari, tena ni amana: mtu humkabidhi jirani baadhi ya ng'ombe wake, jirani akapata maziwa na mbolea, mwenye mali akapata pa kukimbilia ukame ukija. Aliyeshurutishwa kuuza alipoteza na undugu huo, na bei ya mnadani haikuulipa.

Atatokea wa kusema kuwa Usukuma ndiko kulikokuwa na ng'ombe wengi, Mbulu inaingiaje? Usukuma nako kulikuwa na mpango wa kupunguza mifugo. Kuiweka mipango hiyo miwili pamoja ndiko kunakoonyesha kwamba hiyo ilikuwa sera ya serikali, si ugomvi wa wilaya moja. Wengine wataona makumbusho haya yatausifu ukoloni. Yakionyesha kopo peke yake, ni kweli, yatausifu. Kwa hiyo kando ya kopo ziwekwe amri za kupunguza mifugo, bei za mnadani, na sauti za wazee wa Mbulu waliozishuhudia siku zile, zirekodiwe sasa wakiwa hai.