Nani kakukaba usiku?

Hapa Iyunga mtu akiamka anatokwa jasho, kifua kizito, atakwambia usiku amekabwa na jinamizi. Na wapo watakaouliza papo hapo: nani kamkaba? Leo nataka tulitazame swali hilo kihistoria, maana limewahi kugharimu watu.

Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walifanya utafiti kwa majirani zetu Wanyakyusa, kule ukishapita Uyole unakwenda Tukuyu. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu, Good Company. Alieleza kuwa Wanyakyusa waliamini mchawi ana chatu tumboni, na kazi yake huifanya usiku, ndotoni. Ukiota unakabwa, unakimbizwa au unapaa angani, ujue umevamiwa. Lakini kijiji kilikuwa na walinzi wake, abamanga. Nguvu zao zilitoka kwa chatu vilevile, nao waliwaona wachawi ndotoni na kupambana nao humohumo.

Yaani ndoto ilikuwa ushahidi! Mshukiwa aliweza kunyweshwa umwafi, dawa ya kiapo. Akitapika yu safi, asipotapika ana hatia.

Sasa twende maabara. Wataalamu wa usingizi wanasema tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusirushe ngumi za kweli kitandani. Wakati mwingine unazinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Unaona chumba, lakini huwezi kujigeuza. Kifua kinabanwa, unahisi kuna mtu pembeni. Sekunde kadhaa au dakika chache, yamekwisha. Jirani yako hahusiki hata kidogo.

Macho, hata hivyo, huendelea kucheza. Mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Alan Worsley akiwa ndani ya ndoto alimpa mtafiti Keith Hearne ishara kwa kusogeza macho, kama walivyokubaliana kabla ya kulala. Kumbe mtu anaweza kujua kuwa anaota, tena akatenda kwa hiari yake! Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akathibitisha. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake wakaonyesha kitu kingine: ukilitungia jinamizi lako mwisho mwingine ukiwa macho, ukaupitia kichwani kila siku, majinamizi hupungua.

Sisemi abamanga walikuwa wanasayansi. Ila wazo la kupigana na jinamizi humohumo ndotoni lilikuwepo Rungwe kabla ya mashine za Hull. Balaa lilianza pale vita vilipotoka ndotoni vikahamia mlangoni kwa jirani. Na havijakoma, maana katika nchi hii bibi vizee bado wanauawa kwa tuhuma za uchawi.

Basi ukikabwa tena, jaribu kusogeza macho, vuta pumzi, subiri. Kukikucha, msalimie bibi wa nyumba ya pili kama kawaida.

Na wewe msomaji, mara ya mwisho ulipokabwa ulimshuku nani?