Seneti ya Kenya na Neno "Juu"

Aghalabu mfasiri akutanapo na bunge lenye mabaraza mawili huandika "bunge la juu" na "bunge la chini", kisha akaendelea na kazi yake. Tumeona yafaa tulichunguze jambo hili kwa mfano wa Kenya, ambako Seneti imepata kuundwa, ikafutwa, na kuundwa tena; na katika nyakati zote mbili neno "juu" halikuifaa.

Katiba ya mwaka 1963 iliigawa nchi katika majimbo, ikaweka Seneti ya watu 41: mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Seneta alichaguliwa kwa miaka sita, theluthi yao wakitoka kila baada ya miaka miwili. Spika wao alikuwa Timothy Chokwe. Miswada ya fedha waliweza kuichelewesha tu. Nguvu yao ilikuwa katika kuilinda Katiba, kwani vifungu vilivyokingwa zaidi havikuweza kubadilishwa ila kwa asilimia 90 ya maseneta, yaani 37. Watano wakikataa, shauri limekwisha. Kinga hiyo ndiyo iliyowaudhi wakubwa. Mwaka 1965 sharti lilishushwa hadi asilimia 65, na mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Majimbo ya uchaguzi 117 yakawa 158, na hesabu ya nyongeza hiyo, 41, yajieleza yenyewe. (Msomaji asichanganye "jimbo" hili na lile la 1963, lililokuwa na baraza lake la kutunga sheria.)

Katiba ya 2010 iliirudisha Seneti, na uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika Machi 2013. Wajumbe ni 67, mbali na Spika: 47 huchaguliwa na wapiga kura, mmoja kwa kila kaunti, 16 ni wanawake, wawili huwakilisha vijana, na wawili watu wenye ulemavu. Wenye kutaka kuiita "Baraza la Wazee", kwa kufuata asili ya neno hilo katika Kilatini, watafakari viti hivyo vya vijana.

Hao 20 wa mwisho Wakenya huwaita maseneta wa kuteuliwa. Hapa msomaji wa Tanzania hana budi kuonywa, maana kwake mbunge wa kuteuliwa ni yule aliyeteuliwa na Rais. Seneta huyu hutoka katika orodha ya chama chake, kwa kadiri ya viti ambavyo chama kimeshinda. Kwa hiyo yu karibu zaidi na mbunge wa viti maalumu.

Ama kuhusu "juu", Bunge la Taifa ndilo ligawalo mapato kati ya serikali ya taifa na kaunti. Seneti huamua jinsi kaunti zitakavyogawana fungu lao. Ipi iko juu ya mwenziwe? Sisi twaona "Seneti" latosha, bila kivumishi.

Lililo zito zaidi ni kura. Katika shauri linalogusa kaunti, maseneta walioandikishwa kupiga kura katika kaunti moja huwa ujumbe mmoja wenye kura moja, nayo hupigwa na seneta aliyechaguliwa, kwa niaba ya kaunti. Basi aandikaye kwamba muswada wa namna hiyo ulipigiwa kura na maseneta 67 ameikosea sheria yenyewe: kura ni 47.