Hiari ya Abiria na Upekuzi wa Viwanja vya Ndege

Hadi mwaka wa 1972 abiria wengi wa Marekani walipanda eropleni pasipo kupekuliwa. Utekaji wa ndege ulipozidi, serikali iliamuru abiria wote wakaguliwe, pamoja na mizigo yao ya mkononi, tangu Januari 1973. Katiba yakataza upekuzi usio wa haki. Basi Mahakama ya Rufani iliyoko San Francisco ilihukumu mwaka uo huo kwamba ukaguzi ni halali, mradi asiyeutaka aachwe aende zake bila kusafiri. Hiari hiyo ilikuwa finyu (mwenye msiba ageukeje?), lakini ilikuwa hiari. Mwaka 2007 mahakama iyo hiyo iliiondoa: aliyekwisha kuanza kukaguliwa hawezi tena kukataa na kuondoka, la sivyo mwenye bomu angejaribu mlango huu leo, kesho mwingine.