Kasumba Isiyo na Mmea: Jina na Fasili katika Sheria

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 uliwekea mipaka utengenezaji wa mofini na jamaa zake, ukizitambua dawa hizo kwa asili yake: kasumba, yaani afyuni, na jani la koka. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 wanakemia wa Ujerumani walitengeneza pethidini na methadoni pasipo mmea wo wote. Dawa hizo zilituliza maumivu na kutia uraibu kama mofini, wala hazikuwamo katika maneno ya mkataba.

Ndipo Itifaki ya Paris ya mwaka 1948 ilipoacha kuuliza dawa imetoka wapi, ikauliza yatenda nini. Mkataba wa New York wa mwaka 1961 ukazipanga dawa katika orodha, jina kwa jina; fentanili, iliyobuniwa na Paul Janssen wa Ubelgiji, iliingizwa mwaka 1964. Hata hivyo, mkemia akibadili sehemu ndogo tu ya dawa, huzaliwa kitu kisichomo katika orodha. Kwa sababu hiyo China mwaka 2019, na Marekani kwa sheria ya kudumu mwaka 2025, zilidhibiti ukoo mzima wa fentanili kwa kufasili umbo lake.

Fasili ikiwa finyu, sumu hupenya. Ikiwa pana mno, hufungia hata dawa ambayo ingaliweza kuponya.