Nyimbo Zilizookolewa

Njaa kuu ya Ireland, tangu mwaka 1845 hata 1849, iliua watu wapatao milioni moja. Wengine wengi wakahama. Nyimbo nyingi za ngoma yao iitwayo jigi zilikaa masikioni tu, na mzee akifa huzikwa nazo. Ndipo Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, akazikusanya. Yeye hakujua kuandika noti. James O'Neill, askari mwenziwe, alimwandikia. Mwaka 1903 kilitoka kitabu chenye nyimbo 1,850. Nyuzi za mandolini hulinganishwa kama za fidla. Kwa hiyo ajifunzaye mandolini hupiga jigi zile zile, akihesabu tatu, tatu. Walimu, tuandike nyimbo za wazee wetu wangali hai.