Italia Yetu Iko Mombasa, na Babu Ana Swali

Agosti hii simu yangu imejaa watu wakipozi Florence, wakila aiskrimu Roma, wakijifanya wanazuia ule mnara wa Pisa usianguke. Sisi wanne kutoka Laare tukaambiana, viza hatuna, lakini basi la usiku la Mombasa tunaliweza. Asubuhi tukawa Fort Jesus, macho mekundu, begi mgongoni.

Na usicheke, hiyo pia ni Italia. Aliyechora ile ngome ni Giovanni Battista Cairati, Muitaliano wa Milan aliyekuwa mjenzi mkuu wa Wareno kule India. Ujenzi ulianza 1593. Ukiiona kutoka juu ni kama mtu amelala chali, mikono na miguu kaitandaza, kwa sababu wasomi wa Italia wa enzi hizo waliamini jengo bora hufuata vipimo vya mwili wa binadamu.

Mzee aliyetutembeza alijua kazi yake. Alituonyesha meli ambazo mabaharia Wareno walichora ukutani. Akatupeleka kwenye ile habari ya kuzingirwa: Waomani walifika Machi 1696, ngome ikaanguka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu, wasee! Kuta za Cairati hazikuwa shida. Njaa na magonjwa ndiyo yalimaliza watu ndani. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela, wafungwa wakakaa humo hadi 1958.

Sasa mmoja wetu, yule mwenye mdomo, akauliza, "Mzee, na sisi Wameru tuko ukuta gani?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikanyamaza, kwa sababu jibu nimelisikia tangu nikiwa mdogo na sijawahi kulichukulia serious.

Babu anasema tulitoka Mbwaa, kisiwa baharini. Huko tulitawaliwa na watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Walitupa kazi zisizowezekana: leteni kiatu chenye manyoya juu na chini, la sivyo mtakufa. Wazee wakachinja ng'ombe, wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni, wakakitengeneza. Kazi zikazidi, basi watu wakaamua kutoroka. Koomenjwe akapiga maji kwa fimbo, maji yakaachana. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Alfajiri, Ntune. Mchana, Njeru. Sisi ni Njiru.

Shuleni nikiambiwa hiyo ni Musa tu, wazee wameiba kwa Biblia, nilikubali. Hata chuo, ambako nilikuwa nasoma historia kabla karo inishinde mwaka wa pili, sikuwahi kuitetea.

Lakini saa nane hivi tulikaa nje ya ngome, upande wa bahari, tukitafuna muhogo. Maji yalikuwa yanapwa. Mtu wa milima ya Nyambene hajui hiyo kitu! Mahali palipokuwa na bahari asubuhi sasa palikuwa na mawe, na watoto wanatembea juu yake. Kuna watafiti wanaosema Mbwaa ilikuwa Manda, kule Lamu. Sisemi hiyo imethibitishwa. Nasema kama uko kisiwani, na unajua saa ya maji kuondoka, na mwenye kukutawala amelala, huhitaji muujiza mkubwa sana.

Kitu kingine kinachoniuma: mmoja wa walioandika hizi habari za Mbwaa vizuri ni Muitaliano tena, Bernardo Bernardi, padri wa Consolata. Kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, kilitoka 1959. Yeye alikaa chini na wazee wetu akawasikiliza. Mimi ninaishi mita mia moja kutoka kwa babu na video zangu nyingi ni za kuonja chipsi.

Niliporudi nikamwekea simu mbele. Nina dakika kumi na moja tu. Majina ya viongozi waliomfuata Koomenjwe yanamchanganya sasa, anaanza, anasimama, anarudia la kwanza. Kuna wimbo alikuwa akiuimba hapo kwenye kuvuka. Aliutafuta akaukosa, na nyanya alishaondoka, hakuna mwingine hapa nyumbani aliyeujua.

Halafu akaniuliza yeye, "Umeyaona maji?"

Nikamwambia nimeyaona.

"Bado yanaondoka?"

Nikamwambia ndiyo babu, mara mbili kwa siku.