Namba C

Watu wa Musoma wakitaka kujua gari lina umri gani hawaulizi mwaka, wanaangalia namba. Namba A ni magari yaliyosajiliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mfumo wa T, tarakimu tatu na herufi tatu ulipokuwa bado mpya. Zikafuata B, C, D, na sasa tuko kwenye E. Herufi hiyo haisemi gari lilitengenezwa lini. Inasema tu lini serikali ya Tanzania ililitambua. Gari la mwaka 1999 linaweza kuwa namba D na likaringa mbele ya gari la mwaka 2003 lenye namba B. Kwa mtu anayesoma shahada ya uzamili ya historia, hii ni nyaraka inayotembea: ina tarehe ya kuingia nchini, haina tarehe ya kuzaliwa.

Altezza aliyoitaka kaka yangu, pale Mwigobero, ilikuwa namba C.

Toyota ilianza kuiuza Altezza nchini Japani mwaka 1998, na ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la huko kwa msimu wa 1998–1999. Uzalishaji ulikoma mwaka 2005. Jina ni la Kiitaliano, heshima wanayoitwa wana wa wafalme. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kama Lexus IS. Kwa hiyo London ni Lexus, Musoma ni Toyota, na siri ya mvuto wake iko hapo hapo: raha ya Lexus, spea za Toyota. Ni dogo, la milango minne, injini ya lita mbili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya mtu mwenye fedha, visaa vidogo ndani ya saa kubwa. Vijana wanaipenda kwa sauti. Wazee wanaiita gari la wahuni.

Lilifikaje ziwani? Japani wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari likizeeka, gharama za kulipitisha humchosha mwenyewe, naye huona heri kulipeleka mnadani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, sisi tuliorithishwa upande huo na Waingereza. Basi gari linalochosha Nagoya linapumzikia Dar es Salaam bila kuhamishwa usukani.

Siku hizi lakini Altezza haziagizwi sana, na sababu ni hesabu. Kwa viwango vya kodi vya miaka ya karibuni, gari lenye thamani ya shilingi 100 likifika bandarini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2000 (ya Altezza haizidi, kwa tofauti ya kijiko), na asilimia 30 nyingine kwa kosa la kuvuka miaka kumi. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Nimepiga hesabu mara tatu: inakuja karibu shilingi 99, kabla ya tozo ndogo ndogo. Unanunua gari mara mbili, moja kwa Mjapani na moja kwa TRA. Ukivuka Sirari, Kenya hawakusumbui na hesabu hiyo; gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa. Ndiyo maana Altezza zilizopo Tanzania zinazunguka humuhumu, kutoka mkono hadi mkono.

Zamani shida ilikuwa ruhusa. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Wakati huo tayari Kiswahili kilikuwa kimeshawabatiza wakubwa waliopanda Mercedes-Benz jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu, mtoto wa Butiama, aliwafukuza na kujikata mshahara wake kwa asilimia 20. Ninaposoma habari hizo nikiwa kwenye bweni la chuo huwa najikuta nikihesabu fedha zangu za kujikimu.

Watu husahau kwamba masharti ya Azimio yaliwekwa kwa viongozi. Hayakumlenga muuza dagaa. Lakini fedha za kigeni zilipokauka, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, sharti la kiongozi likawa hali ya kila mtu. Magari mapya yalipitia shirika la umma, kwa kibali. Aliyekuwa na cheo hakuhitaji kumiliki gari; alipanda la ofisi, lenye namba za ST au SU, na bado alikuwa amepanda gari. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozikumbuka enzi hizo kama enzi za usawa. Aliyenyimwa gari hasa ni yule asiyekuwa na ofisi.

Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa lori miaka hiyo. Anasimulia marufuku ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, magari binafsi hayaruhusiwi barabarani, ili kuokoa mafuta. Siku moja walikuwa wanakwenda msibani Butiama na Peugeot ya mtu. Saa nane iliwakuta Makutano. Wakaliacha gari kwa mwenye duka, wakamalizia safari kwa miguu, mwenye Peugeot akiwa mbele kabisa, viatu mkononi. “Msibani tulifika sawa,” anasema baba mdogo. “Mwenye gari na asiye na gari, wote vumbi.” Anasimulia kwa kicheko, na sijawahi kujua kama analilia usawa ule au anaucheka.

Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Kwa mji ulio karibu na Sirari kama wetu, maana yake ni kwamba spea zikawa magendo. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawapa mafundi wa Tanzania nafasi wanayostahili: watu walioyafanya magari kuwa mali yao kwa kuyafungua na kuyafunga upya. Gereji bubu za leo zilirithi ujuzi wa miaka ile ya uhaba.

Bajeti ya 1984 ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza yale masharti ya viongozi. Na huku kwetu, ruhusa ilikutana na sangara. Viwanda vya minofu vilipojengwa Musoma, fedha ya samaki ilianza kuonekana barabarani, na kwa mara ya kwanza, kwa kumbukumbu za nyumbani kwetu, mtu asiye na ofisi alipita Mukendo akiendesha gari dogo lake mwenyewe.

Kaka yangu ni mjukuu wa ruhusa hiyo. Amefanya biashara ya dagaa kwa miaka kumi. Bei ilikuwa milioni tisa na nusu, karibu akiba yake yote. Mama, ambaye dagaa hao ndio waliotusomesha, alitaka fedha hiyo inunue injini ya boti na nyavu.

“Mafuta ya boti yanarudi na dagaa,” alisema. “Ya hilo yatarudi na nini?”

“Mama, shikamoo yako naitikia kwa heshima zote,” kaka alianza, kwa utani, maana ni yeye anayepaswa kuitoa. Kisha akaacha utani. “Miaka kumi nanuka dagaa. Watu wananijua kwa harufu kabla hawajaniona.”

Mama alinyamaza. Na mimi nilinyamaza, ingawa nilikuwa na sura nzima ya tasnifu kuhusu neno anasa.

Kaka si mjinga wa magari. Alimleta fundi wake, akakagua bushi, shokapu na mkanda wa taimingi, akasema injini ni nzima na kilomita za kwenye dashibodi ni hadithi. Aliangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Kilichomsimamisha ni kadi. Jina lililokuwa juu yake halikuwa la muuzaji, wala la aliyemuuzia muuzaji. Watu watatu walikuwa wameliendesha gari lile bila kubadilisha umiliki, kila mmoja akiogopa gharama, na mwenye jina alikuwa Mwanza. Kaka alikataa kutoa hata shilingi mpaka mtu huyo aje kusaini mkataba mbele ya mwanasheria. Dalali alikasirika, akasema gari litachukuliwa na mwingine. Halikuchukuliwa. Mwenye jina alikuja baada ya wiki mbili, mzee mpole mwenye kofia, akashangaa gari lake bado linatembea.

Siku lilipoletwa nyumbani mama hakuliangalia mbele. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma, akataka buti lifunguliwe, akainama, akapima kwa viganja.

“Magunia mangapi?”

“Hamna gunia linaloingia humo, mama. Hili si la dagaa.”

Alipima tena.

“Mawili,” alisema. “Ukiyalaza.”